Firigisi ya Jumamosi

Wiki iliyopita binti anayenisaidia jikoni aliunguza sukari ya kashata. Ni kosa dogo, kila mpishi ameshalifanya, na sukari yenyewe haikujaa hata kikombe. Lakini harufu ile ilipotoka jikoni ikanikuta nawapangia wateja sahani, nikaziweka sahani chini kabla hazijaanguka. Mimi sukari ikiungua siisikii kama watu wengine. Nasikia miwa ya Kidodi inachomwa, nasikia Jumamosi, nasikia buti za Baba zinavuka kizingiti. Nimefika umri wa kuitwa mama na watu nisiowazaa, na bado nasikia hivyo.

Na kama vile shetani alipanga, nikainua macho nikamwona yule mwanamke kwenye televisheni niliyoitundika ukutani. Amenenepa, mashavu yameshuka kidogo, lakini aproni ni ileile nyeupe isiyo na doa, na mkononi alikuwa na kuku mzima. Nikachukua rimoti nikazima. Dereva mmoja wa malori ya Zambia akalalamika kwamba alikuwa anaangalia. Nikamwambia hapa Mikumi watu wanakuja kwangu kula, anayetaka kushiba kwa macho aende akakae kwa fundi televisheni. Maskini, hakuwa na kosa lolote, na alikuwa ameagiza pilau sahani mbili.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake kando ya mlango wa jikoni, anachambua mchele. Akaniangalia, akaniambia maneno machache. Nitayasema nikifika huko, kwa sababu mkiyasikia sasa mtadhani ni maneno ya bibi anayependa televisheni, basi.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Masanze, kwenye kiwanja cha ukoo wa Mama. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Nyumba Baba aliikuta, akaingia na begi lake. Aliendesha lori la miwa kule Kidodi, akawa anarudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili alasiri. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa nyumba yetu ilikuwa kama nyumba ya mtu yeyote, Mama anaimba akitwanga, mimi natumwa kisimani nakawia, nasemwa, yanaisha. Jumamosi Mama alifagia uwanja mara mbili na hakuimba.

Baba alikuwa anampiga Mama. Nalisema wazi, kwa sababu wenzangu wa rika langu mnajua tulivyofundishwa kulizunguka neno hilo. Tuliambiwa baba mkali, wamekosana kidogo, mambo ya wakubwa hayo nenda kacheze. Alimpiga kwa kiganja, kwa mkanda, kwa mwiko, na mara moja kwa spana ya magurudumu iliyomvunja kidole. Nilikuwa nakaa nyuma ya gunia la mahindi nahesabu. Sijui kwa nini nilihesabu, labda kwa sababu nilikuwa najua mwisho wa hesabu lazima ufike.

Na kila mara ugomvi ulianza na chakula. Ugali laini kama uji wa mgonjwa. Mchicha chumvi imezidi. Chai imepoa. Maharage yana mchanga, unataka kunivunja meno? Hakuwahi hata siku moja kusema nakupiga kwa sababu msimamizi kanitukana mbele ya vibarua, au nakupiga kwa sababu naweza. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikayaamini maneno kama yalivyosemwa. Nikajua kabisa kwamba tatizo la nyumba yetu ni mapishi.

Mama alishakwenda kwa kaka yake, Mjomba Selemani, mara mbili. Mjomba kwetu ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kuliko hata baba aliyewazaa, kwa hiyo kama kuna mtu angeweza kumwambia Baba toka, ni yeye. Mara zote mbili alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia avumilie, kisha akampakia kwenye baiskeli yake akamrudisha. Nyuma ya baiskeli ya kaka yake Mama alikuwa anakaa upande, kidole kimefungwa kitambaa, anaangalia mikonge.

Sasa jirani yetu alikuwa Mama Kabula. Walikuja kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe zao na watoto saba, na mumewe aliuza ng'ombe wawili akanunua sola na televisheni. Kabula nilisoma naye. Kila Alhamisi saa kumi jioni tulikuwa tunajazana kwenye sebule yao ya udongo, wanawake na watoto, kumwangalia Bi Aproni. Jina lake halisi lilikuwa jingine, sisi watoto tulimwita hivyo kwa ajili ya ile aproni. Mama alikuwa anakuja na ungo wake, anasema amekuja kuomba chumvi, halafu anakaa mpaka kipindi kinaisha. Chumvi mara nyingi aliisahau.

Nimwombee mema au mabaya, yule mwanamke alikuwa na kipaji. Alipokuwa akikata kitunguu ungependa uwe kitunguu. Alizungumza nawe taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa, akakuita mpenzi mtazamaji, na hakuna mtu Masanze aliyewahi kumwita Mama mpenzi wa chochote. Alinusa iliki akatabasamu, nasi tukanusa pamoja naye, tukapata harufu ya mavi ya ng'ombe wa Baba Kabula. Mama alikuwa anaangalia mdomo wazi. Nilimwona ananong'ona vipimo, vijiko viwili, kijiko kimoja na nusu, kama mtu anayekariri sura ya Kurani.

Mama Kabula yeye hakuwa na imani naye. Alikuwa mwanamke mkubwa, anasonga ugali wa watu tisa kwa mkono mmoja, na kila Alhamisi alikuwa na lake. Moshi uko wapi? Nani kamenya vile vitunguu saumu vilivyokaa kwenye vibakuli vya kioo? Mbona chakula kikienda kwenye matangazo kibichi kinarudi kimeiva, na masufuria machafu hatuyaoni? Akasema huyu ana watu kumi nyuma ya pazia wanaokosha vyombo wakilia. Wanawake walicheka mpaka wakapigana vikumbo, na Mama akacheka nao, amefunika mdomo na kile kidole kilichopinda.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri mwisho wa kipindi, kwa sababu mwisho ndio uliokuwa na dawa. Kila Alhamisi, chakula kikishapangwa mezani, aliingia mwanamume mwenye tai. Anakaa, anafunguliwa sahani, anakata kipande, anatia mdomoni. Halafu anafumba macho. Anafumba kabisa, anatikisa kichwa polepole, anasema "Mmmh," na Bi Aproni anacheka kwa raha, hajikingi uso, hageuzi bega. Nilijua yule ni mumewe, na nilijua hajawahi kumpiga. Angempigaje na macho yamefumba kwa utamu? Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba yule bwana alikuwa mtu wa kampuni ya mafuta ya kupikia iliyokuwa inadhamini kipindi. Nilipoambiwa nilikaa chini nikalia mbele za watu, nao wakadhani nimefiwa.

Siku moja Bi Aproni akaoka kuku mzima. Alimtoa tumbo lote kwa vidole viwili, akalisukuma pembeni, akasema haya hatuyahitaji. Akajaza limau na kitunguu ndani, akafunga miguu kwa uzi, akapaka siagi, akaingiza kwenye oveni. Yule wa tai alipoonja hakufumba macho tu, aliweka na mkono kifuani. Njiani kurudi nyumbani nikamwambia Mama tumpikie Baba kuku yule Jumamosi. Akasema hatuna oveni. Nikamwambia tutie moto juu na chini, kama anavyooka keki mama wa Magole anayeuza kwenye harusi. Mama akahamishia ungo kwapa la pili. Kisha akasema, "Labda atapenda," na sauti yake ilikuwa imejaa tumaini kiasi kwamba hadi leo nikiikumbuka napata hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi ile tukakamata jogoo wetu mzee, yule mwekundu aliyekuwa anapigana na mbwa. Mwanamke kwetu hachinji, kwa hiyo Mama alimpeleka kwa Athumani, fundi baiskeli aliyekuwa ng'ambo ya njia, naye akamchinja, akamrudisha, akaendelea na matairi yake. Damu ilichuruzika mpaka mlangoni kwetu. Alipowekwa chini kwetu, jogoo alikimbia na koo limekatwa mzunguko mzima wa uwanja, akaingia jikoni akaangukia kwenye mafiga, nami nilicheka.

Mama akamnyonyoa, akaniambia nimtoe matumbo wakati yeye anakwenda kwa Mama Kabula kuazima mfuniko mzito. Nikamtoa kama Bi Aproni, kwa vidole viwili. Nikaishika firigisi mkononi, ya moto bado, imejaa mchanga. Kila mtoto wa kwetu anajua firigisi ni ya nani. Shingo na miguu ni yetu watoto, mgongo wa mama, firigisi ya mwenye nyumba, na mwanamke akimpa firigisi mwanamume mwingine amekwisha kusema bila kufungua mdomo. Nilijua. Lakini masikioni nilikuwa na ile sauti ya taratibu, haya hatuyahitaji, nikafikiri labda ndilo kosa letu la siku zote, labda sisi tunaacha mambo machafu ndani ya kuku ndiyo maana Baba hafumbi macho. Mbwa wa Mama Kabula alikuwa amekaa ananitazama. Nikamrushia lundo lote. Hakutafuna hata.

Mama aliporudi akauliza firigisi iko wapi. Niliogopa angemkimbiza mbwa, angeghairi kuoka. Nikasema nimeiweka ndani ya kuku, pamoja na limau. Akaniamini, akafunga miguu kwa uzi wa cherehani.

Tuliweka sufuria juu ya mafiga, tukatandika makaa juu ya mfuniko, na mpaka alasiri nyumba yetu ikanukia kama televisheni ingenukia. Baba alifika jua likiwa bado juu ya mikonge. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikapokea begi lake lililonuka miwa iliyoungua. Mama akaleta sinia. Kuku alikuwa mzima, mwekundu huku mweusi kule, miguu imefungwa. Nikasogea karibu kabisa na mkeka, nione macho yanavyofumba.

Baba akauliza hiki ni nini. Mama akasema ni kuku wa kuoka. Akavuta paja, paja likakataa, maana jogoo wa miaka minne si kuku wa Bi Aproni, hata umwoke mpaka kiama. Akavuta tena, akacheka kidogo, na Mama naye akacheka, nami moyo ukaniruka. Halafu akasema apewe firigisi yake kwanza.

"Imo ndani," Mama akasema.

Baba akampasua kuku kwa mikono. Akatoa limau. Akatoa kitunguu. Akaingiza vidole mpaka shingoni, akavitoa, akavifuta polepole kwenye mkeka. Akauliza nani kamchinja. Mama akamwambia ni Athumani. Pale Mama akaniangalia. Ilikuwa mara moja tu, na katika mara ile moja aliona kila kitu usoni kwangu, mbwa, matumbo, uongo, kila kitu.

"Nimeila mimi," Mama akasema.

Kofi la kwanza lilimkata mdomo. Baba akasema muongo, kala Athumani, hata mbwa wa kijiji hiki wanajua, mimi nikiwa nabeba miwa yeye anakula firigisi yangu ndani ya nyumba yangu. Nyumba yangu, alisema hivyo. Akamshika nywele akamburuta mpaka jikoni, akamgonga kichwa ukutani, udongo ukaporomoka. Sikukimbilia gunia la mahindi siku ile. Nilisimama mlangoni nikasahau kuhesabu. Akapiga teke sufuria, figa moja likang'oka, mfuniko na makaa yake yote ukamwagikia Mama pale chini alipolala, kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kiganja, na Baba akaukanyaga mkono ule kwa buti. Harufu ya nyama ya jogoo na harufu ya Mama zilikuwa moja. Nisameheni, lakini zilikuwa moja, na ndiyo maana hapa kwangu siuzi nyama ya kuchoma.

Aliyekuja ni Mama Kabula, na mchi wa kutwangia. Hakuuliza kulikoni. Aliuinua mchi kama anatwanga mtama, akaushusha mgongoni kwa Baba. Sauti ya mchi ule naipenda hadi leo, Mungu anisamehe. Baba akaanguka magoti, akainuka, akatoka mbio, nasi tukadhani anakimbia. Kumbe amechukua pampu ya chuma barazani akavuka njia. Athumani alikuwa ameinamia gurudumu. Alipigwa kisogoni bila kujua anapigiwa nini, na damu yake ikatiririka kwenye njia ileile ya damu ya jogoo.

Baba Kabula akampeleka Mama zahanati kwa pikipiki, naye Athumani akafuata kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Jumapili asubuhi wazee wakakaa. Walitandika mikeka kwenye baraza yetu, Mjomba Selemani katikati, wazee wawili wa ukoo, mshenga wa Baba, na Baba mwenyewe amevaa kanzu safi. Athumani aliletwa, kichwa kimefungwa bandeji, anatapikatapika. Mama aliambiwa asubiri ndani, atakapohitajika ataitwa. Mimi nilikaa naye mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye tambara jeupe na vidole vilivyotokeza nje vilikuwa vimevimba, havikunjiki.

Saa nzima walizungumzia firigisi. Nani alimkamata jogoo, nani alimchinja, alipokwenda kuchinjwa alikaa muda gani, aliporudi alikuwa amepasuliwa au hajapasuliwa. Mzee mmoja akataka kujua kama kwa Athumani kulikuwa na jiko linawaka. Athumani akaapa kwa Mungu mara tatu. Baba akasema yeye si mkorofi, lakini mwanamume amedharauliwa kwake. Wazee wakatikisa vichwa. Mkono hakuna aliyeutaja. Mjomba alikuwa amekunja uso, akasema jambo hili ni zito, kama ni kweli ni aibu ya ukoo wetu, na kama ni uongo basi shemeji ametutukana ukoo mzima na itabidi aondoke kwenye ardhi yetu leo hii.

Nikasikia hilo neno, aondoke. Nikafikiri, nikisema ukweli, basi maneno ya Baba ni uongo, basi ataondoka. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka. Nikatoka mlangoni, nikapiga magoti mbele ya Mjomba nikampa shikamoo.

"Mimi ndiye niliyeitupa," nikasema. "Nilimpa mbwa. Kwenye televisheni wanatupa."

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, halafu mshenga, mpaka Mjomba akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Alhamdulillahi, wakasema, kumbe ni mtoto. Kumbe ni televisheni. Wazee wakaitukana televisheni kwa zamu, na Bi Aproni naye akapata sehemu yake. Baba akacheka pia. Akainuka akampa Athumani mkono, na Athumani, kichwa kinavuja, akaupokea. Wakakubaliana ni kutoelewana, shemeji ana wivu kwa sababu anampenda mkewe, atamtibu Athumani, mtoto achapwe fimbo mbili kwa uongo, na Mjomba akafungua mikono kusoma Fatiha ili yaishe. Nilibaki nimepiga magoti. Nilikuwa nimemkabidhi Mama kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama akatoka ndani. Hakuitwa. Alikuwa hajajifunga vizuri, kanga ina damu kifuani, na alipita katikati ya mikeka ya wanaume na miguu yake yenye vumbi.

"Kaka," akamwambia Mjomba, "na kama ningempa Athumani?"

Mikono ya Mjomba ikabaki hewani.

"Nauliza. Kama ningempa kweli, mkono huu ungekuwa umeungua kwa haki?"

Mjomba akasema dada, yameshaisha, tusiyachimbe. Mama akasubiri. Alimwangalia mzee mmoja mmoja, wote wakaangalia mikeka. Kisha akaenda jikoni. Tukasikia kitu kinaburuzwa. Akatokea ameinama, anasukuma figa kwa mguu na mkono mmoja mzima, akalipitisha katikati yao, akalitupa njiani. Akarudi akaleta la pili. Mkono uliofungwa ukaanza kulowa. La tatu, lile lililong'oka jana, Mama Kabula alimsaidia, alikuwa amesimama uani muda wote na mchi wake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Nyumba isiyo na mafiga haina mke ndani, na nyumba ile ilikuwa ya ukoo wake, kwa hiyo aliyebaki bila kwake ni Baba.

Baba alimwangalia Mjomba amsemee. Mjomba alikuwa anaangalia mkono wa Mama, tambara limekuwa jekundu, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, chukua begi lako." Talaka ililetwa na mshenga baadaye, lakini mimi naihesabu kuanzia pale.

Fimbo mbili zangu hakuna aliyezikumbuka. Nilizingoja siku kadhaa. Mwisho nikamfuata Mama mwenyewe nikamwambia anichape, kwa sababu firigisi niliitupa mimi na mkono umeungua kwa ajili yangu. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mkono umewekwa juu ya mto. Akaniambia nisogee.

"Haikuwa firigisi, Zaituni," akasema. "Haikuwa chumvi, haikuwa ugali. Angekula firigisi kumi akashiba, akafuta mdomo, akanipiga."

Sikumwamini. Ilinichukua miaka kumwamini, maana kama haikuwa mapishi, basi hapakuwa na kitu ambacho sisi wawili tungeweza kufanya vizuri zaidi, na hilo kwa mtoto ni gumu kumeza.

Tulihamia Mikumi nilipomaliza shule, Mama akaanza na chai na vitumbua kando ya barabara, sasa tuna meza kumi na televisheni ukutani. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Ngozi imevutana kutoka kiwiko hadi kiganja, lakini ungo anaushika, na mchele anaouchambua yeye hauna jiwe.

Sasa basi, wiki iliyopita, nilipomzima Bi Aproni na kumtukana dereva wa watu, Mama aliweka ungo chini.

"Washa," akaniambia. "Anapika vizuri yule. Ana kosa moja tu."

Nikawasha. Pale ukutani Bi Aproni alikuwa anaingiza vidole viwili ndani ya kuku, taratibu, bila haraka, akitabasamu. Akatoa tumbo, akalisukuma pembeni, akasema haya hatuyahitaji. Yule dereva akainama kwenye pilau yake. Binti wa jikoni akatoka na kisahani, kama anavyotoka nacho kila siku tukichinja, hahitaji kuagizwa. Mama akakipokea kwa mkono wa kushoto. Mteja mmoja mzee, mgeni kwetu, alikuwa ameagiza kuku, akauliza kwa heshima kama firigisi ipo.

Mama alitafuna kwanza, bila haraka, akiwa anamwangalia usoni, mpaka akameza.

"Nimeila mimi," akasema.